Krupuk: Kuufuata Mlio Kutoka Java Hadi Terengganu

Bati ni la mraba, lina kioo upande wa mbele na mfuniko wa duara juu, na jina la kiwanda limeandikwa ubavuni kwa brashi. Karibu kila mgahawa mdogo wa Jakarta unalo. Wenyewe huliita blek, neno walilorithi kwa Waholanzi. Ndani mmejaa vipande vyeupe, vyepesi, vilivyojisokota. Anayekula wali hunyoosha mkono, hufungua mfuniko, huchukua kimoja au viwili bila kumwomba mtu, na wakati wa kulipa humtajia mwenye mgahawa idadi aliyokula. Mwenye mgahawa haendi kuhesabu.

Niliketi katika mgahawa wa watu wa Tegal, si mbali na stesheni ya Pasar Senen, saa ya chakula cha mchana, nikaacha kula nikasikiliza. Meza zote zilikuwa zikilia. Waendesha pikipiki, makarani, wanafunzi, kila mmoja aliuma kipande chake kati ya tonge na tonge, na mlio ule mkavu ukasikika juu ya makelele ya barabarani. Nilivuka bahari kwa ajili ya mlio huo na jina lake.

Wajawa huviita vipande hivyo krupuk. Kiindonesia cha shuleni huandika kerupuk. Wamalei wa Malaysia husema keropok, Wasunda wa magharibi ya Java kurupuk, Wafilipino kropek. Mimi nililiona neno hili kwanza Uholanzi, kwenye rafu ya duka la vyakula mjini Den Haag, likiwa limeandikwa kroepoek, na tahajia hiyo ina historia yake. Mwaka 1901 serikali ya kikoloni ilianza kutumia utaratibu wa Charles van Ophuijsen wa kuandika Kimalei kwa herufi za Kilatini, na sauti ya u ikaandikwa oe, kama Waholanzi wanavyoiandika kwao. Mwaka 1947, Jamhuri ya Indonesia ikiwa changa na bado iko vitani na Waholanzi hao hao, oe ikafutwa na u ikashika nafasi yake. Huko Uholanzi, ambako familia nyingi zilihamia baada ya Indonesia kujitawala, pakiti zimebaki na oe mpaka leo.

Ukiwauliza watu wa Jakarta neno limetoka wapi, jibu ni moja: ni mlio wake. Sisi wasemaji wa Kiswahili hatuna sababu ya kulipinga. Pikipiki ilijitaja yenyewe ikipita, na tingatinga vivyo hivyo. Ajabu ni kwamba vipande vyetu vyembamba vya viazi na muhogo, vile vinavyouzwa kwenye vifuko pale Kariakoo, hatukuviita kwa mlio. Tumeviita kaukau, kwa ukavu wake. Lakini jibu la Jakarta, ingawa nalikubali, niliona limekatika njiani. Mlio wa nini? Wa mafuta kwenye karai, au wa meno? Na ni kitu gani kililia hivyo kwanza, hata kikapewa jina ambalo baadaye vitu vingine vikalirithi? Niliona heri niende kwa wanaotengeneza.

Treni ya Cirebon hufuata pwani ya kaskazini ya Java, ikielekea mashariki katikati ya mashamba ya mpunga. Cirebon ni bandari ya kale. Masultani wake bado wana makasri yao mjini, na nje kidogo, kwenye kilima, yako makaburi ya Sunan Gunung Jati, mmoja wa mawalii tisa ambao Wajawa huwahesabu kuwa ndio walioeneza Uislamu kisiwani mwao. Kuta za ziara hiyo zimepachikwa sahani za kaure za Kichina. Nilisimama mbele yake kwa muda, maana aliyewahi kuona makaburi ya nguzo pale Kunduchi anaijua desturi hii: kaure iliyosafiri baharini ikaishia ukutani mwa kaburi la Mwislamu. Bahari ni ile ile moja.

Watu wa Cirebon husema jina la mji wao limetokana na maji ya uduvi. Uduvi wenyewe huitwa rebon, na wakazi wa kwanza, kwa masimulizi yao, waliishi kwa kuuponda na kuutengeneza terasi, ile rojo kali yenye chumvi ambayo bila hiyo kachumbari ya pilipili ya Java haikamiliki. Mji hujiita Mji wa Kamba mpaka leo. Kwa hiyo nilitarajia kukuta krupuk ya kamba. Nilichokuta kwanza ni mchanga.

Upande wa Plered, katika banda lililoezekwa mabati, vijana walikuwa wakikaanga bila tone la mafuta. Mchanga mweusi, uliochekechwa na kusafishwa, uliwekwa motoni mpaka ukawaka joto. Wakamwaga humo vipande vidogo vikavu vya rangi ya waridi, manjano na kijani, wakavigeuza kwa kasi pamoja na mchanga, na vipande vikaanza kututumka. Kisha vyote vikamwagwa kwenye chekecheke, mchanga ukashuka chini, vipande vikabaki juu, vikiwa vikubwa na vikavu kabisa. Huitwa krupuk melarat, na melarat maana yake ufukara. Mzee mwenye banda alinieleza kwamba wakati fulani mafuta yalikuwa ghali, watu wakakosa, wakaugeukia mchanga.

"Na hata bila mafuta mliendelea kuiita krupuk, Pak?" nilimuuliza.

Alichukua kipande cha rangi ya waridi, akakiuma mbele yangu. "Umesikia, Mas? Basi ningeiita nini?"

Hapo nikapata mwanzo wa jibu. Mafuta hayahusiki na jina. Hata kukaanga kwenyewe hakuhusiki sana, kwa sababu karai lina mlio wake mwingine: Waindonesia husema sreng kitu kinapoingia kwenye mafuta ya moto, na hakuna aliyeipa krupuk jina hilo. Krupuk hupata jina lake baada ya karai, kinywani.

Usiku ule nilikula empal gentong, supu nzito ya nyama na matumbo iliyopikwa kwa nazi ndani ya chungu cha udongo. Pembeni ya bakuli hapakuwa na krupuk ya unga. Paliwekwa vipande vya rangi ya dhahabu, vimevimba, vina vishimo vishimo ndani, vikilia kwa kishindo zaidi kuliko vyote nilivyokuwa nimekula. Mama aliyenihudumia alisema ni rambak, krupuk ya ngozi. Ngozi ya nyati au ya ng'ombe. Nilipomwambia nafuatilia asili ya neno, alinishauri nisipoteze muda na unga. "Unga ni wa juzi juzi," alisema.

Na alisema kweli kuliko alivyodhani. Krupuk nyingi za leo ni za wanga wa muhogo, na muhogo haukuwa mmea wa Java. Umetoka Amerika ya Kusini. Wareno waliupitisha kwenye bahari hizi kama walivyouleta kwenye pwani yetu, na Java uliingia mashambani kwa wingi katika karne ya 19, hata kabla ya Vita Kuu ya Pili kisiwa kikawa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa wanga wa muhogo duniani. Nilipokuwa nikisafiri niliona mashamba yake vilimani, na majani yake niliyajua bila kuambiwa. Lakini mwanahistoria wa vyakula Fadly Rahman, aliyeandika juu ya mapishi ya Indonesia wakati wa ukoloni na kabla yake, ameeleza kwamba krupuk ilikuwapo Java tangu karne ya 9 au ya 10, na kwamba maandishi ya jiwe la Batu Pura yanataja krupuk ya rambak. Zama hizo wafalme wa Java waliandika kwenye mawe na mabamba ya shaba hati za kuyasamehe mashamba kodi, na mara nyingi wakaorodhesha humo vyakula vya karamu ya siku hiyo: samaki wa chumvi waliokaushwa, kamba, nyama za aina aina. Jina, basi, limeutangulia muhogo kwa karne nyingi. Unga ndio uliokuja kuvishwa jina.

Nikaelekea mashariki. Semarang niliipita usingizini.

Surabaya ilinipokea ikiwa imepambwa kwa bendera nyekundu na nyeupe, maana ilikuwa Agosti. Tarehe 17 ya mwezi huo Waindonesia husherehekea tangazo la uhuru wa mwaka 1945, na kila mtaa hufanya michezo. Ule unaopendwa kuliko yote, unaosemekana kuanza miaka ya 1950, ni wa kula krupuk. Kamba hufungwa kati ya nguzo mbili, vipande vikubwa vyeupe huning'inizwa kwa nyuzi mbele ya nyuso za washindani, na mikono hufungwa au kushikwa nyuma ya mgongo. Nilitazama watoto wa uchochoro mmoja wakiruka na kuyumba, midomo wazi, kipande kikiwakimbia kila wanapokigusa. Wazee waliokuwa wamekaa vibarazani walinieleza kwamba mchezo huu unakumbusha miaka ya shida, wakati ambapo wali na krupuk ndio ulikuwa mlo mzima. Chakula cha kimaskini kimepewa heshima ya kuning'inizwa siku ya taifa. Naliona jambo hilo kuwa la haki.

Hata hivyo lugha ina upande mwingine. Mtu asiye na uthabiti, anayekata tamaa kwa neno moja, huambiwa ana moyo wa krupuk. Na krupuk iliyoachwa wazi ikapigwa na unyevu, ikawa laini, husemwa ni melempem. Neno hilo hilo hutumika kwa mtu aliyeanza kwa ari kisha akanywea. Nilifurahi kuona kwamba hata katika misemo hii jambo linalohesabiwa ni mlio. Krupuk iliyolowa ina ladha ile ile, ina unga ule ule, lakini haiheshimiwi tena kwa sababu imenyamaza.

Sidoarjo iko kusini kidogo ya Surabaya, kati ya matawi mawili ya mto Brantas, kwenye ardhi tambarare inayokaribia kuwa bahari. Nembo ya wilaya ina picha ya kamba na mwatiko, samaki yule yule tunayemfuga kwenye mabwawa ya pwani yetu. Mabwawa yao yanaenea upande wa mashariki mpaka macho yanachoka. Upande wa Porong niliona tuta kubwa linalozuia tope la moto lililoanza kububujika tarehe 29 Mei 2006, likafunika vijiji vizima na kuwahamisha maelfu ya watu. Dereva wangu alipunguza mwendo bila kuambiwa. Alisema shule aliyosoma iko chini ya tope hilo.

Hapa ndipo nilipokaa kwa utulivu na kutazama kazi tangu mwanzo. Wanga wa muhogo, kamba waliopondwa na maganda yao, kitunguu saumu, chumvi na sukari kidogo hukandwa pamoja mpaka donge liwe nyororo na lisigande mkononi. Hubiringishwa likawa magogo marefu ya unene wa mkono wa mtoto, kisha magogo hayo hupikwa kwa mvuke. Yakitoka ni laini na yananata, kisu hakipiti. Huachwa yapoe usiku kucha, na ubaridi huyafanya yashikamane. Asubuhi hukatwa vipande vyembamba sana, hupangwa kimoja kimoja juu ya mabamba ya mianzi, na mabamba hutolewa juani. Barabara nzima ilikuwa imeanikwa. Wapita njia walizungushia baiskeli zao kwa uangalifu, hakuna aliyelalamika.

Mama aliyekuwa akisimamia uanikaji hakuwa na saa wala kipimo. Alichota vipande vibichi kwa viganja viwili, akaviacha viangukiane. Vya jana vilitoa mlio wa vigae vidogo. Vya asubuhi ile havikutoa kitu.

"Hivi bado vina maji mengi," alisema. "Ukivikaanga vitabaki vigumu katikati."

"Na vikikauka kabisa, Bu?"

"Hapo navyo havivimbi. Lazima maji kidogo yabaki. Jua kali mno nalo ni tatizo."

Alichokuwa akikieleza ndicho wataalamu wa vyakula wanachokieleza kwa maneno yao. Mvuke wa kwanza huivisha wanga, chembe zake zikapasuka na kuungana. Kukauka huugeuza mchanganyiko kuwa mgumu kama kioo. Maji machache yanayobaki yamefungwa ndani, na kipande kikigusa mafuta yenye moto mkali, maji hayo huwa mvuke mara moja, hutafuta njia ya kutokea, na wanga uliolainishwa na joto hunyooka na kufura pande zote kabla haujakaza tena. Yote hutokea kwa muda wa kuvuta pumzi. Kinachobaki ni kuta nyembamba zilizozunguka hewa, na meno yanapozivunja kuta hizo moja baada ya nyingine kwa haraka, ndipo mlio unapopatikana. Krupuk ni hewa iliyojengewa nyumba, na mlio ni nyumba ikibomoka.

Nilikula pale rawon, mchuzi mweusi wa nyama ambao hupata rangi yake kutokana na mbegu za keluak, pamoja na krupuk ya kamba iliyotoka karaini. Rawon yenyewe ni ya kale: wasomaji wa maandishi ya Taji ya mwaka 901 wanaliona jina lake humo likiwa katika umbo la rarawwan. Wajawa wamekaa na majina ya vyakula vyao zaidi ya miaka elfu moja, na bado wanayatamka mezani kwa wepesi kabisa.

Kutoka hapo Mojokerto si mbali. Nilitaka kuiona ngozi. Wilaya hiyo ina magofu ya Trowulan, palipokuwa na mji mkuu wa Majapahit, dola iliyoanza mwaka 1293 na ambayo habari zake kila mtoto wa Indonesia hufundishwa. Malango ya matofali mekundu yamesimama kwenye mashamba ya miwa. Nilipita magofu kwa haki yake, lakini nilikuwa nakwenda Bangsal, ambako nyumba nyingi hutengeneza rambak.

Ngozi ni kazi ya harufu, na sitaificha. Huchemshwa, hukwanguliwa manyoya, husafishwa tena na tena, hukatwa vipande vidogo, hukolezwa vitunguu saumu na chumvi, hukaushwa juani mpaka viwe vigumu kama kucha. Kisha hukaangwa mara mbili. Kwanza katika mafuta ya vuguvugu, kwa muda mrefu, yakikorogwa polepole, mpaka vipande vijikunje na kuanza kutoa malengelenge. Vikitolewa hapo huhamishiwa kwenye karai la pili lenye moto mkali, na humo hufura ghafla. Mwenye kazi, mwanamume wa makamo aliyerithi karai kutoka kwa baba yake, alinipa kipande kingali na moto. Kilipasuka kinywani kwa nguvu iliyonifanya nicheke.

Hakuna muhogo humo. Hakuna kamba, hakuna mchele, hakuna unga wa aina yoyote. Kuna mnyama, jua na moto. Nadhani hapa ndipo jina lilipozaliwa, au mahali palipofanana na hapa, kijijini ambako nyati alilima mpaka akazeeka, akachinjwa, na watu hawakutupa hata ngozi yake. Maandishi ya kale yanapotaja krupuk yanaitaja pamoja na ngozi. Wanga na kamba walikuja baadaye, wakajifunza kulia kama ngozi, wakaruhusiwa kutumia jina lake.

Sauti zenyewe pia zina ukoo. Mwanaisimu Robert Blust, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Hawaii na kutumia maisha yake kwenye lugha za Kiaustronesia, kuanzia Taiwan mpaka Madagaska na visiwa vya Pasifiki, alikusanya silabi za mwisho zinazojirudia katika mamia ya maneno zikiwa na maana inayofanana. Mmoja wa mizizi hiyo ni -puk, unaobeba maana za kudunda, kugonga, kupiga kofi, kuvunjika. Kwa Kimalei kupiga makofi ni tepuk. Sikio langu linaniambia krupuk ni ndugu yake. Na mbele ya -puk yako kru-, mkwaruzo unaotangulia mpasuko. Badilisha irabu, na kitu chenyewe hubadilika: kripik ya Wajawa ni kipande chembamba, kigumu, kisichofura, cha muhogo au ndizi, yaani kaukau yetu hasa. I ni nyembamba, u imejaa hewa. Tamka yote mawili kwa sauti, utaona mdomo wako mwenyewe ukifanya kazi ya karai.

Ilibaki nchi ya Wamalei, na huko jibu langu lilipata mtihani. Kuala Terengganu iko pwani ya mashariki ya rasi ya Malaysia, inatazama Bahari ya Kusini ya China. Mabango yake mengi yameandikwa kwa Kijawi, yaani Kimalei kwa hati ya Kiarabu, na nilijiona niko nyumbani kwa namna ambayo Java haikunipa. Wazee wetu wa Lamu, Mombasa na Unguja waliandika Kiswahili kwa hati hiyo hiyo na wakapambana na tatizo lile lile: Kiarabu hakina p. Wamalei walichukua fa wakaiongezea nukta mbili zikawa tatu. Nikasoma keropok kibandani: kaf, ra, waw, fa ya nukta tatu, waw, na qaf mwishoni, kwa kuwa k ya mwisho ya Kimalei haitoki nje, hukwama kooni. Msikilize mtu wa Terengganu akilitamka. Neno lenyewe hukatika.

Mtaa wa Losong ndio kitovu cha keropok. Makumbusho ya jimbo yako huko huko, na ndani yake limo Jiwe la Terengganu, lenye sheria za Kiislamu zilizochongwa kwa Kijawi mwaka 1303, ambalo UNESCO iliingiza katika orodha yake ya kumbukumbu za dunia mwaka 2009. Nililitazama asubuhi. Mchana nilikuwa kwenye vibanda vya kando ya barabara, mbele ya sufuria kubwa zinazochemka, na aliyeniletea sahani alinishangaza. Keropok lekor, kiburudisho ambacho Terengganu inajivunia kuliko vyote, ni laini.

Ni samaki waliosagwa, wakakandwa na unga wa sago na chumvi, wakabiringishwa kwa mkono vikawa vijiti virefu vya kijivu, vikachemshwa. Huliwa hivyo hivyo vikitoka majini, au hukatwa na kukaangwa kidogo, vikachovywa kwenye mchuzi wa pilipili wenye utamu. Vinatafunika, vinavutika, vimejaa samaki. Havilii. Ikiwa jina ni mlio, kwa nini hiki nacho ni keropok?

Nilimuuliza mama mwenye kibanda. Nilimwita Mak Cik kama wateja wengine walivyomwita, na yeye aliniita adik, mdogo wake. Hakuona ugumu wowote katika swali. Alinichukua nyuma ya kibanda. Kwenye majamvi vilianikwa vipande vya mviringo, vyembamba, vya kijivu, maelfu.

"Hivi vimekatwa kutoka kwenye hivyo ulivyokula," alisema. "Vikikauka ni keropok keping. Tunavikaanga vinafura. Zamani lekor ilikuwa ni njia tu ya kufika huku. Mtu anasubiri vikauke, ana njaa, anakula kimoja kingali laini."

Ndivyo alivyoambiwa na mama yake, nami naona maelezo hayo yanashika. Pwani hii hufungwa na pepo za kaskazini mashariki kuanzia Novemba, ndugu wa kaskazi yetu, mvua zikanyesha mfululizo na bahari ikachafuka hata wavuvi wasitoke. Wenyeji huuita msimu huo tengkujuh. Msimu wenyewe husema musim, na sote tumelipata neno hilo kwa Waarabu wa majahazi. Jamii ya namna hii ilihitaji samaki wanaoweza kukaa miezi, na lengo lilikuwa kipande kikavu kinachosubiri ndani ya bati. Kile laini kilikuwa hatua ya katikati, kikapata jina la kule kinakokwenda.

Huko Malaysia na Indonesia wapo wanaogombea vyakula na vitambaa, kila upande ukidai batiki, rendang na mengine kuwa yake. Kuhusu neno hili, maandishi ya zamani zaidi yanatoka Java, na sioni sababu ya kuwanyang'anya Wajawa heshima hiyo. Lakini Mak Cik wa Losong hakulikopa kwa mtu. Amelisikia kinywani mwake kila siku tangu utotoni, na lugha yake ina mzizi ule ule wa kulisemea.

Alinifungia kilo ya keping mbichi kwenye mfuko, akakaza fundo, akanipa maagizo ya kupikia huku akihudumia wateja wengine. Nivianike tena juani saa moja kabla ya kuvikaanga, hata kama vinaonekana vikavu. Mafuta yawe mengi na ya moto. Nijaribu kwanza kwa kipande kimoja, kikizama na kukaa chini nisubiri. Nisitie vingi kwa mara moja, nivikandamize kwa upawa vikianza kujikunja, na nivitoe kabla havijageuka rangi.